Yule Aliyetoka Nyumba ya Bi Zena

Ndugu zangu wa kwaya,

Tangu Jumapili mnanisimamisha njiani, sokoni, hata kisimani, na swali lenu ni moja: pepo yule wa Pwani alikuwa na sura gani? Mlimsikia Mchungaji akisimulia jinsi tulivyomwamuru atoke katika nyumba tuliyofikia, akatoka, kisha akalifuata lori njiani akipunga mkono, na dereva akakanyaga mafuta. Hapo kwenye lori ndipo mlipopiga makofi zaidi. Mimi sikupiga. Mama Sekela, mkuu wa safari yetu, aliinamisha kichwa mkadhani anaomba. Nimeona afadhali niwaandikie yote, kituo kwa kituo, maana nikianza kusema kwa mdomo nitalia kabla sijavuka mto.

TUKUYU HADI DAR

Tulikuwa watatu. Mama Sekela mnamjua. Nusu ya kwaya hii ilitua mikononi mwake ikiwa bado inalia. Tusajigwe, mwalimu wa shule ya Jumapili, ndiye mdogo wetu, na ndoto yake ya usiku mmoja huisimulia wiki nzima. Mimi Atupele ni muuguzi, na kazi yangu kubwa kwa miaka sita imekuwa kutembea nyuma ya Mama Sekela nimebeba sanduku lake.

Tulitumwa kwa wiki mbili, na barua za serikali mkononi, kwenye kijiji kimoja kaskazini ya Bagamoyo. Jina lake siliandiki, kwa heshima ya watu wake. Hakikuwa na mkunga aliyesomea, na mwaka uliotangulia kilikuwa kimezika wazazi na vichanga. Wazee wake, Waislamu wote, walikubali tuje tufundishe kina mama wajawazito. Wakituona tunafaa, mkunga wa kudumu angefuata. Kwa hiyo mzigo tuliobeba haukuwa mdogo.

Basi lilitufia katikati ya mlima Kitonga, tukalala humo viti vikiwa vimeinama. Muuza vitambaa mmoja aliyekaa nyuma yetu alitujaza masikio njia nzima. Alisema Pwani kuna majini kuliko watu, yanavaa nyeupe, hayasemi, na kila nyumba ya zamani ina chumba chao. Mama Sekela alicheka. Tusajigwe hakucheka, na tulipofika Morogoro alikataa ndizi za kuchoma, akasema amefunga mpaka turudi. Nami nilicheka na Mama Sekela, lakini niliyashika maneno yote.

KEREGE

Kutoka Dar njia ya Bagamoyo ilikuwa mchanga mtupu, na basi likapasuka gurudumu Kerege, jua la saa sita kichwani. Sisi wa mawingu na mvua hatukuwahi kuona mchana wa namna ile. Hapakuwa na upepo, hapakuwa na mtu, jogoo hakuwika. Minazi ilisimama bila kutikisa hata kuti moja. Nilijikuta nanong'ona, wala sijui nilikuwa namwogopa nani.

Mama mmoja alikuwa anakaanga mihogo chini ya kibanda. Alitupa vipande na chumvi na pilipili, akatuuliza tunakwenda wapi, tukamwambia.

"Mna mwenyeji?"

"Tutampata hukohuko," Mama Sekela akajibu.

Alituangalia mmoja mmoja, akapangusa mikono. "Basi sikilizeni, wanangu. Nyumba ya mtu ukiingia, piga hodi, ukae kitako, uulize habari za waliomo. Waliomo wote. Hata usiowaona."

Tusajigwe alinifinya mkono mpaka kucha zikaingia. Mama Sekela alishukuru kwa muhogo, na tulipokaa ndani ya basi akasema, "Mmesikia? Uganga umeshaanza." Nilikubaliana naye. Leo nikikumbuka sura ya yule mama naona hakuwa na uganga wowote. Alikuwa anatufundisha adabu.

BAGAMOYO NA NG'AMBO YA MTO

Bagamoyo tulikaa siku nzima tukingoja lori la chumvi. Tulitembea mjini kwenye zile nyumba kubwa za mawe, nyingine hazina paa, milango imechongwa maua na nyuma ya mlango umeota mti. Nyuma ya dirisha moja lililofungwa mtu alikohoa, tukaharakisha mwendo watu wazima watatu. Mzee wa kahawa alituona akatuita kwenye baraza, akatumiminia vikombe vidogo, na kashata juu yake. Mama Sekela alimeza yake kwa mkupuo mmoja akasimama. Mzee akamwuliza, "Mama, unafukuzwa?"

Hilo swali lilifaa kuwa onyo. Mama Sekela ana moyo wa dhahabu, lakini hajui kukaa. Wodini alikuwa sahihi, maana mtoto hangoji. Akaichukua wodi yake nzima akaja nayo Pwani.

Lori lilikuja kesho yake, tukavuka mto kwa kivuko, halafu mwendo wa saa nyingi kati ya mikoko na majaruba ya chumvi yanayong'aa mpaka macho yanauma. Utingo alisema kwenye chumvi ile hufukiwa watu waliokufa maji mpaka ndugu wafike. Sijui kama alitania. Alicheka peke yake.

NYUMBA YA BI ZENA

Bi Zena alitupokea mlangoni, mama mtu mzima, mwembamba, kanga zake mbili zimefifia. Tulimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitika, "Marahaba, wanangu, karibuni. Kaeni kitako mpumzike, tupeane habari."

"Ahsante, mama, tutakaa," Mama Sekela akasema akiwa bado na sanduku mkononi. "Kwanza tuonyeshe mahali kina mama watakapokutana, jua halijazama."

Bi Zena aliutazama mlango uliofungwa mwishoni mwa ukumbi. "Nyumba hii ina habari, mama."

"Kesho, mama. Kesho tutakaa."

Waswahili husema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Sisi tulilidai jembe siku ya kwanza, tena kwa sauti. Kesho yake Bi Zena alitukaribisha tena kwenye mkeka, Mama Sekela akasema kazi kwanza. Keshokutwa hivyohivyo. Chakula alituletea kizuri, wali wa nazi na samaki, nasi tulikula haraka huku tukipanga masomo.

Sasa niwaambie mambo ya nyumba ile. Ukumbini palikuwa na kioo kirefu kimefunikwa kanga. Tusajigwe alikifunua achane nywele. Tuliporudi adhuhuri kilikuwa kimefunikwa tena, pindo limechomekwa vizuri. Kila mchana, kijiji kikijinyosha kwa joto, tulisikia maji yakimwagika kidogo kidogo kule uani, na mtu akiguna, sauti ya chini, kama anayeinua kitu kizito. Bi Zena alipeleka sahani ya chakula kwenye mlango ule wa mwisho, nayo ilirudi tupu. Siku ya tatu asubuhi, niliamka kutafuta maji. Uani alisimama mtu mweupe kuanzia kichwani mpaka chini, amenigeuzia mgongo, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Nilitamka, "Habari za asubuhi." Hakujibu. Aliingia ndani polepole, na mlango ukafungwa bila mlio.

Nilirudi chumbani nikawaambia wenzangu, na Tusajigwe akapiga magoti palepale.

Darasani hali haikuwa nzuri pia. Walikuja wanawake saba, siku ya pili wanne. Walitusalimu kwa adabu na macho yao hayakutua kwetu. Niliuliza, "Chumba cha mwisho cha Bi Zena kina nini?" Walitazamana. Mmoja akasema, "Kwani hamjaambiwa?" Mwenzake akamgusa goti. "Basi si letu kusema."

Mngekuwa nyinyi mngedhani nini? Sisi tulidhani vilevile. Hatukumwuliza mwenye nyumba. Tulizungumza naye kila siku mara tatu, na hatukumwuliza.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, mvua inanyesha, Bi Zena alitoka kwenda kwenye khitma. Tusajigwe alikuwa na homa, anatetemeka, na lori la chumvi lilikuwa lipite saa sita kumchukua. Alilia kwamba haondoki akituachia kitu kile. Mama Sekela alichukua Biblia. Tulisimama watatu ukumbini mbele ya mlango, tukaimba ubeti mmoja, kisha Mama Sekela akaomba. Sauti yake mnaijua, ile inayofika bondeni.

"Wewe uliyemo chumbani humu! Nyumba hii si yako! Tunakuamuru, toka! Toka uende zako, wala usirudi!"

Nasi tukaitika, "Toka!"

Ndani kilianguka kitu cha bati. Tuliomba tena, kwa nguvu zaidi, mara tatu. Kisha tukasikia mlango wa uani ukifunguka, na upepo wa mvua ukapita chini ya mlango ukatupiga miguuni.

Tusajigwe alipiga kelele, "Ametoka!" Tulikumbatiana, tukaimba, na lori lilipofika tulimpandisha Tusajigwe mbele kwa dereva akiwa anacheka na homa yake. Ndugu zangu, huo ndio ushuhuda alioufikisha nyumbani wiki moja kabla yetu. Hakusema uongo. Aliondoka akijua hayo tu.

Mimi nilikwenda uani kufunga mlango. Kwenye matope palikuwa na nyayo zinazoelekea nje. Zilikuwa pana, zimechimbika kisiginoni, vidole vimetazama pembeni. Miaka sita nimezitazama nyayo za namna ile kwenye sakafu ya wodi. Najua ni nani hutembea hivyo, mgongo nyuma, miguu imevimba. Nilijua, na bado nilisimama pale kitambo kizima nikijaribu kutokujua.

SAA SABA MCHANA

Bi Zena alirudi na sinia la biriani la khitma, amelifunika kawa. Alipita ukumbini, akabisha mlango wa mwisho, akaita, "Mwanaidi, mwanangu." Akaita tena. Akafungua. Sinia lilimponyoka.

"Mwanangu yuko wapi?"

Mama Sekela alisema, "Mwana gani, mama?"

Hapo ndipo habari ya nyumba ilipotolewa, sote tumesimama, wali umemwagika miguuni. Mwanawe Bi Zena, Shomari, alianguka kutoka juu ya mnazi miezi miwili iliyopita, akafa. Mke wake Mwanaidi alikuwa ameketi eda humo chumbani, amevaa nyeupe, hajitazami kwenye kioo, hasemi na kila mtu. Na alikuwa na mimba ya miezi minane, kwa hiyo eda yake ingekwisha siku atakapojifungua.

"Niliwakaribisha kwangu kwa sababu yake," Bi Zena akasema. "Nilisema, wakunga wanakuja, walale karibu na mwanangu. Habari ya msiba haisemwi mgeni kasimama. Nikangoja mkae. Siku tano hamkukaa, wala hamkumpa mkono wa pole. Nikasema labda dini yao hairuhusu." Akamtazama Mama Sekela. "Kuuliza si ujinga, mama."

Mama Sekela alimwambia yote tuliyoyafanya. Sikuwahi kumsikia akisema polepole vile. Alipofika kwenye maneno "nyumba hii si yako", Bi Zena alikaa chini. Mwanaidi alikuwa mtu wa Pangani, hana wazazi, na shemeji zake walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba nyumba haimhusu. Aliposikia sauti ya wageni wenye barua za serikali ikimwamuru atoke, alijua shemeji wameshinda.

BANDA LA CHUMVI

Tulitoka kumtafuta, sisi na wanawake wote wa darasa, hata wale watatu walioacha kuja. Mvua ilikuwa imefuta nyayo. Niliogopa mto, niliogopa mikoko, na zaidi ya yote niliogopa kumpata. Maji yalikuwa yamejaa kwenye majaruba, meupe kila upande, mpaka hukujua ardhi inaishia wapi, na kila kigingi cheupe kilichosimama mbali nilidhani ni yeye. Tuliita jina lake. Nilikuwa sijawahi kulitamka kabla ya saa ile.

Tulimsikia kabla ya kumwona, ile sauti ya kuguna. Alikuwa ndani ya banda la makuti wanamohifadhi chumvi, juu ya magunia, mzee mlinzi amemwachia banda akasimama nje mvuani amegeuka upande mwingine. Uchungu ulikuwa umekolea. Mama Sekela alikunja mikono ya gauni akaingia, kama alivyoingia kwa mama zenu.

Mwanaidi alimwona akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. "Huyu asiniguse! Ndiye! Asiniguse!" Alijivuta mpaka kwenye ukuta. Nilijaribu mimi, akalia vilevile.

Mama Sekela alitoka. Alikaa kitako kwenye matope, nje ya ukuta wa makuti, mahali kichwa cha Mwanaidi kilipokuwa upande wa pili. Nilimwona akikaa, nikafahamu kwamba ndiyo mara ya kwanza tangu Tukuyu. Akasema, "Bi Zena, ingia wewe. Wewe utakuwa macho yangu, mimi nitakuongoza kwa sauti. Niambie unaona nini."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, mpaka alasiri. Bi Zena anasema anachokiona, Mama Sekela anajibu taratibu: mgeuze ubavu, asisukume bado, mpanguse uso, mwambie avute pumzi. Sauti ileile iliyopita kwenye mlango asubuhi sasa ilipita kwenye makuti, imekuwa ndogo, inaomba. Mwanaidi mwanzo aliziba masikio. Baadaye aliacha kuziba. Mwisho alikuwa anajibu mwenyewe, bila Bi Zena: "Bado. Bado. Sasa."

Mtoto alitoka, na hatukusikia kitu.

"Halii," Bi Zena akasema ndani. "Amekuwa wa buluu. Halii."

"Msafishe mdomo kwa kidole. Mlaze kichwa chini. Msugue mgongo kwa kanga, mama, kwa nguvu, usimwonee huruma."

Mvua ilikuwa imekatika. Wanawake wote walisimama kimya kuzunguka banda lile, miguu kwenye maji meupe, na mlinzi wa chumvi akiinua viganja. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Mama Sekela alikuwa ameuegemeza uso wake kwenye makuti, midomo inatikisika bila sauti.

Kisha kikasikika kilio chembamba, kibovu, kama mlango uliokosa mafuta. Sijasikia wimbo mtamu kuliko ule. Mlinzi wa chumvi aliitwa ndani, akamwadhinia mtoto sikioni, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama Sekela alibaki kwenye matope akalia mpaka tukamwinua wanne.

KURUDI

Siku zilizobaki hatukufundisha. Tulikaa kitako. Tulimpa Bi Zena mkono wa pole ya mwanawe, tukasikiliza habari za Shomari tangu utoto wake, tukamenya muhogo, tukachota maji. Ajabu ni kwamba wanawake walikuja wenyewe wakaketi nasi uani, wakauliza waliyotaka kujua, na hao walikuwa ishirini na zaidi.

Siku ya kuondoka Mwanaidi aliniita, mimi na Mama Sekela. Kioo kilikuwa kimefunuliwa. Mama Sekela alipiga magoti akamwomba radhi. Mwanaidi alimweka mtoto vizuri kifuani.

"Mliniambia nitoke," akasema. "Hamkuniambia niende wapi." Halafu akasema, "Nilitaka kufika Bagamoyo nipate gari la Pangani. Lori lilipita. Nilipunga mkono, dereva alianza kupunguza mwendo, kisha akakimbia. Sikujua kwa nini."

Sisi pia hatukujua. Alimpa Mama Sekela mtoto ambebe. Bi Zena alitusindikiza mpaka njiani, akasema, "Waambieni wazee wenu mkunga aje. Ila aje mwenye makalio ya kukaa." Tulicheka, naye alicheka huku anafuta macho.

Nimefika nyumbani Jumamosi. Jumapili nikamsikia Mchungaji akisimulia, kama alivyosimuliwa, jinsi Tusajigwe alivyomkamata dereva mkono akamwambia, "Usisimame, ndiye huyo!" Nilitaka kusimama niseme. Makofi yenu yalikuwa makubwa, nikabaki nimekaa.

Basi mmeniuliza sura yake. Ana miaka ishirini, ana mwanya, na miguu ilikuwa imemvimba. Anaitwa Mwanaidi binti Athumani, na mwanawe anaitwa Shomari kama baba yake. Alipolipungia lori mkono pale njiani, uchungu ulikuwa umeshaanza.